Sura ya Mwisho Iko Mfukoni

4 Machi

Mdogo wangu Kinyume,

Salamu baadaye, kwanza matatizo. Juzi Baba kamnyoa rafiki yake fundi viatu, akamwondolea nyusi nzima ya kushoto. Fundi viatu kwa aibu ya urafiki kasema asante, kalipa, kaondoka. Sasa anapita mtaani na nyusi moja kama mtu anayeshangaa nusu nusu. Nimefunga saluni na ufunguo ninao mimi. Baba hasemi nami, ananisemea pembeni, anaiambia cherehani yangu kwamba katika nyumba hii kuna watu wamejipa vyeo.

Macho yamezidi, mdogo wangu. Ni mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari wa macho anasema upasuaji wenyewe ni wa muda mfupi, ila asicheleweshe, maana tatizo likikomaa sana kuliondoa kutakuwa kazi na anaweza kulipoteza jicho la kulia moja kwa moja. Nimembembeleza, nimelia, nimenuna. Anajibu kwamba ameshika wembe maisha yake yote na anajua mkono unavyoteleza, hivyo hakuna mtu atakayemsogelea jichoni na kisu. Basi, mjadala umefungwa.

Kinachomuuma zaidi ya saluni ni vitabu vyake vya upelelezi. Hawezi kusoma hata mstari. Jioni namsomea mimi, lakini vile vya kwenye kabati anavijua vyote, nikifika sura ya pili ananitajia muuaji na kuniambia niende nikapumzike.

Ndipo nikakumbuka mchezo wake. Unakumbuka alivyokuwa akichana kurasa za mwisho za kila kitabu kipya na kuzitia mfukoni? Haonji mtu mwisho mpaka wote tumetaja nani kafanya, na vyombo vimeoshwa. Marehemu mama kila mara alikuwa anamtaja mpishi, eti mtu anayechokozwa kila siku lazima siku moja ajibu.

Sasa na sisi tumchezee mchezo wake. Niandikie hadithi ya mauaji, mpya, tamu, sura kwa sura. Nitamsomea yote, kisha ya mwisho naitia mfukoni. Akiitaka, akafanyiwe upasuaji, aisome mwenyewe.

Nakuandikia barua kwa sababu simu haifai. Macho yamepungua, masikio yameongezeka, nikinong'ona bafuni anajibu kutoka sebuleni. Karatasi ndiyo kitu pekee humu ndani ambacho hawezi kukidukua.

Najua hujakanyaga hapa tangu siku ile ya kitabu chako, na sababu naijua, wala sitaki tuanze. Hii si ya kitabu chako. Ni ya macho ya baba yako.

Dada yako Mkubwa


11 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisomea kazini, chini ya meza, wakati natakiwa kusahihisha kalenda ya mwaka ujao. Nikacheka kwa ile nyusi mpaka msimamizi kaja kuuliza kama mwezi wa Februari una kichekesho gani.

Nilitaka kukataa, nikuambie kweli. Wewe hukuwepo siku ile. Nilitoka safari na nakala ya kwanza ya kitabu changu cha kwanza, nikamwachia Baba asubuhi, jioni nikapitia saluni kumsikiliza. Nikafika mlangoni, nikamsikia anawaambia wateja, "Muuaji ni shemeji mtu, nimemjua kabla marehemu hajafa." Saluni nzima ikaangua kicheko. Nikageuka, nikapanda basi, na tangu hapo kila nikitaka kuja nakisikia kile kicheko.

Lakini macho ni macho. Nakubali kwa sharti moja, asijue ni mimi. Mwambie ni kitabu cha zamani umekiokota kwenye mafungu ya mitumba, jalada limetoka, na mwisho umepotea, muuzaji anautafuta. Akikisema vibaya, atakuwa anamsema mtu asiyekuwepo.

Sura ya kwanza hiyo hapo. Nimeiandika kwa mkono, mashine za chapa za hapa kiwandani haturuhusiwi kuzigusa kwa mambo yetu, na unanijua ninavyoikandamiza kalamu, usishangae ukikuta karatasi imetoboka. Ni nyumba ya kupangisha. Mwenye nyumba amekutwa amekufa chumbani, mlango una komeo kwa ndani, mpangaji mmoja kauvunja kwa bega, dirisha lina nondo, mezani vikombe viwili vya chai na kimoja hakijaguswa. Wapangaji ni fundi saa na mwalimu wa muziki, na jikoni kuna mpishi. Mpelelezi nimempa jina Inspekta Kikohozi kwa sababu anakohoa kabla ya kila swali. Ukisoma, ukohoe vizuri.

Mdogo wako,
Kinyume


19 Machi

Kinyume,

Kimeshika! Nilianza kumsomea yeye peke yake. Fundi viatu akapita kuchukua suruali yake, akakaa kusikiliza kidogo, akakaa mpaka mwisho. Jana alikuja na kiti chake. Mimi nasoma, mguu uko kwenye cherehani, na nikifika kwa Inspekta nakohoa. Baba kaniambia kikohozi changu ni cha mtu aliyepaliwa, siyo cha mtu anayefikiri, akanifundisha kukohoa.

Kasikiliza sura nzima mpaka mwisho. Kisha akatoa masharti yake kama vile mwandishi yuko chumba cha pili. Mpelelezi asiwe ndiye muuaji. Mapacha hapana. Ndoto hapana. Asije kuibuka mtu sura ya mwisho ambaye hatujawahi kuamkiana naye. Na mwisho lazima wote wakusanywe sebuleni, Inspekta asimame katikati, awapitie mmoja mmoja huku wanatokwa jasho. Bila sebule, anasema, hakuna hadithi.

Nilipokwenda kuchemsha maji akaomba azishike karatasi kidogo, eti apate harufu ya kitabu. Nilimkuta kazipakata kama paka, anazipapasa nyuma na mbele. Nikaona huruma, nikajifanya natafuta vikombe.

Kuhusu upasuaji hataki hata kusikia. Nilimtajia daktari, akaniuliza kama kitabu kimeniishia.

Lete nyingine upesi. Na hivi huyu Inspekta hana mchumba? Watu wanauliza.

Dada Mkubwa


27 Machi

Dada, shikamoo.

Hao watu wanaouliza habari za mchumba ni akina nani, kama siyo wewe na cherehani yako? Mpelelezi haoi, Dada. Akioa atapata wapi muda wa kusimama kwenye mvua akitazama madirisha ya watu?

Sura ya pili, ya tatu na ya nne nimezifunga pamoja. Masharti ya Baba nimeyasoma, na unanijua, nikiambiwa kulia mimi mguu unakwenda wenyewe kushoto. Jina la Kinyume sikujipa. Nimechoka na sebule. Katika kila kitabu wanakusanywa, na hakuna hata mmoja anayesema samahani nina kazi nyingine. Kwa hiyo sebule nimeiweka, lakini katikati ya hadithi. Inspekta anawakusanya kwenye sura ya nne, anakohoa, anamnyooshea kidole mpishi, anaeleza kwa ufasaha wa ajabu, na kumbe kakosea. Mpishi siku ile alikuwa kwa mganga wa meno na shavu lake bado limevimba. Inspekta inabidi arudi jikoni kumwomba radhi.

Najua Baba atakichoma moto. Mpelelezi hakosei. Lakini mimi ninapowatazama watu hapa kazini, kila mtu ana uhakika na amekosea, nikasema acha angalau mmoja aombe radhi.

Niambie ukweli atakavyosema. Usiupake asali.

Kinyume


9 Aprili

Kinyume,

Umetaka ukweli, chukua. Sura ya tatu alisinzia, akasema mwandishi anazunguka kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba yake mwenyewe. Haya, hilo limepita.

Sura ya nne. Inspekta alipomnyooshea mpishi kidole, fundi viatu akapiga makofi kwa sababu yeye alishamtaja. Tulipofika kwa lile shavu lililovimba, makofi yakaisha. Nikasoma Inspekta anavyosimama mlangoni pa jiko, kofia mkononi, hajui aanzie wapi. Nilimaliza, nikasubiri moto uwake.

Baba akasema, "Huyu mwandishi ni mtu." Baadaye kidogo akaongeza kwamba amesoma wapelelezi wa kila aina, wenye mbwa, wenye vilemba, wenye bastola mbili, na hajawahi kumwona hata mmoja akiomba radhi. Akaniambia nirudie pale mlangoni pa jiko. Nimerudia mara nyingi, Kinyume, mpaka fundi viatu akafuta macho na kusingizia gundi.

Basi mimi nikaona hapo ndipo pa kukaza. Jana nikamwambia muuzaji wa mitumba kaupata mwisho wa kitabu, ameniletea, na nimeutia mfukoni mwa aproni. Nikamwambia sheria ya nyumba hii anaijua, na safari hii sharti siyo vyombo, ni macho. Alikasirika, sijawahi kumwona hivyo. Kamwita fundi viatu, akamshauri aninyang'anye. Fundi viatu akakataa, eti na yeye amekwishataja jina jipya na hataki kuharibiwa. Sasa wamenuniana wote wawili, wanakaa kiti kwa kiti na hawasemezani.

Jicho la kulia, nakwambia kwa uchungu, sasa linaona mwanga tu. Jana alilisalimia koti langu lililotundikwa mlangoni, akaliuliza habari za nyumbani.

Kwa hiyo iandike sura ya mwisho leo, uitume kesho. Mfukoni mwangu mna utepe wa kupimia na chaki.

Dada Mkubwa


15 Aprili

Dada, shikamoo. Shikamoo tena.

Kaa chini kabla hujaendelea. Weka mkasi mbali.

Sijui nani alimuua.

Nilianza haraka kwa sababu ulinihimiza. Watu wanaojua kazi hii huanzia mwisho, wanamjua muuaji kwanza ndipo wanarudi nyuma kumfichaficha. Mimi nilianza na maiti na vikombe viwili kwa sababu vilikaa vizuri mezani. Nikasema nikifika mbele nitaona. Nimefika mbele na sioni kitu. Lile komeo nimelifunga vizuri mno. Dirisha lina nondo. Kila jioni namwingiza muuaji chumbani kwa njia mpya, na kila jioni analazimika kubaki ndani na maiti kwa sababu hana pa kutokea.

Nimejaribu mapacha. Ndiyo, nimefikia huko. Nimejaribu nyoka. Nimejaribu marehemu ajiue kwa bahati mbaya akikoroga chai. Usiku nimeota Inspekta amenijia, akakohoa, akaniuliza mimi jana nilikuwa wapi.

Mwambie mwisho umelowa maji. Mwambie chochote. Au nivumilie kidogo, huenda likanijia. Dada, ile sentensi yake ya "huyu mwandishi ni mtu" nimeinakili nikaibandika juu ya kitanda, na sasa kila nikiitazama naona nimemtapeli.

Kinyume


24 Aprili

Kinyume,

Wewe ni mtoto wa watu gani? Nimeisoma barua yako nimesimama, nimeisoma nimekaa, nimeikanyaga cherehani kwa hasira mpaka nimeshona mikono miwili ya shati kwa pamoja. Mtu anaua mwenye nyumba wa watu halafu hajui kwa nini!

Sasa sikiliza nilichofanya, na ole wako ucheke. Nimechukua karatasi nyeupe, nimezikunja, nimezitia kwenye bahasha, bahasha mfukoni. Baba akataka uhakika. Akasema asije akakatwa jicho kwa ajili ya mfuko mtupu. Nikampa bahasha aishike. Akaingiza vidole viwili ndani, akapapasa taratibu. Kisha akanirudishia, akacheka kidogo, akasema haya. Sijui alicheka nini, na sikuuliza.

"Haya" ndiyo neno alilosema, Kinyume. Amekubali! Lakini kwa masharti ya kinyozi. Akasema kisu hakimsogelei jichoni mpaka aujue mkono wenyewe shavuni. Nilikwenda kwa daktari kichwa chini, nikamweleza, nikitegemea anifukuze. Yule dada daktari alicheka mpaka akavua miwani. Jioni alipotoka kazini akaja saluni. Nikafungua. Baba akakaa kiti cha tatu, kile kinacholia, akampa wembe wake mwenyewe, povu akajipaka, akafumba macho. Fundi viatu alikuja kushuhudia, kiganja kimefunika nyusi yake iliyobaki. Daktari akamnyoa shavu la kulia, kidevu, mpaka chini ya sikio, polepole, hakuna hata tone la damu. Baba akajipangusa, akapitisha kidole, akamwambia amesahau kidogo karibu na pua. Daktari akarudia. Baba akauliza ni lini.

Ni tarehe sita mwezi ujao. Jicho la kulia kwanza.

Bandeji itafunguliwa kesho yake, ataomba bahasha yake, na mimi nitakuwa nimesimama pale na karatasi nyeupe mkononi. Mtu ambaye amekubali kukatwa jicho kwa neno langu, Kinyume. Sili, silali. Andika. Muue nani utakayemuua, sijali, hata mimi nitie humo.

Dada Mkubwa


12 Mei

Mwanangu Kinyume,

Usitafute mwandiko wa dada yako. Huu ni wangu, umepinda kidogo kwa sababu jicho moja linaona na jingine linasubiri zamu yake. Mistari inapanda mlima, lakini naiona ikipanda.

Nimetoka salama. Yule daktari ana mkono. Kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa dada yako, na nikajua papo hapo kuna uhalifu umetendeka. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono mfukoni, anatokwa jasho kama wale wa sebuleni. Nikamwambia, "Binti yangu, usihangaike. Bahasha ni tupu." Alikaa juu ya sinia ya dawa.

Sasa acha niwapitie mmoja mmoja, maana sebule nimeingoja muda mrefu.

Karatasi ya kitabu cha chapa nyuma yake ni laini. Zile karatasi za siku ya kwanza zilikuwa na vipele nyuma, mstari hadi mstari, na pengine kitobo. Katika maisha yangu namjua mtu mmoja tu anayeiadhibu karatasi hivyo, nilimnunulia madaftari mpaka nikakoma. Kwa hiyo mwandishi nilimjua kabla marehemu hajapoa. Nilinyamaza. Msomaji mzuri akishajua hasemi, anakaa aone mwandishi atatokaje.

Nilikusifu sura ya nne nikijua ninayemsifu. Wala sikukupendelea, muulize dada yako kuhusu ya tatu. Na yeye ana kesi yake. Toka niletwe nyumbani nimezisoma sura zako zote kwa jicho langu, na mahali popote sikuona Inspekta akimposa mwalimu wa muziki. Kwenye kusomewa alimposa mara mbili, na mara ya pili kulikuwa na gauni lenye mikunjo hamsini. Nimemuuliza. Anasema watu walikuwa wanataka.

Halafu ile bahasha. Vidole viwili vilinitosha, karatasi haikuwa na kipele hata kimoja. Nikajua hakuna sura ya mwisho, na nikajua kwa nini. Mwandishi anayemjua muuaji wake hachelewi kumleta. Nilicheka kwa sababu mlikuwa mmenasa, nyinyi wawili, ndani ya komeo lenu wenyewe.

Nikaenda hivyo hivyo. Msije mkajisifu kwamba mlinidanganya nikadanganyika. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na kijana ananiandikia barua ndefu kuliko zote na mimi nasomewa na mtu anayeongeza harusi. Nilitaka kuzisoma mwenyewe.

Dada yako kanieleza pia habari ya ule mlango wa saluni. Mwanangu, ulisikia nusu. Kitabu chako nilikuwa nimekishika juu, nawasomea watu foleni nzima, kazi imesimama. Kweli nilisema muuaji ni shemeji, na kweli walicheka. Ungekaa kidogo ungesikia fundi viatu akiuliza nani kaandika, na ungesikia nilivyojibu. Inspekta wako naye alimhukumu mpishi bila kungoja aeleze, lakini yeye alirudi mpaka mlangoni pa jiko.

Basi, kuhusu marehemu wetu. Umehangaika na nondo na nyoka bure. Rudi sura ya kwanza, utazame ni nani alisema mlango una komeo. Siyo wewe. Siyo Inspekta, yeye alifika umeshavunjwa. Ni mtu mmoja tu aliyeusukuma kwa bega na kupiga kelele kwamba umefungwa kwa ndani, na nyumba nzima ikamwamini, hata wewe uliyemuumba. Kama dada yako alivyosema mwisho uko mfukoni, watu wakamwamini.

Mengine sikuambii. Kwa nini alifanya, na kile kikombe kilikuwa cha nani, nimeyaandika yote, sura nzima, kurasa saba. Nimeanza kesho yake baada ya bandeji na jana nimemaliza. Iko mfukoni mwa koti langu la saluni. Dada yako amejaribu kuichungulia nikapiga kelele. Fundi viatu ametaja jina. Dada yako ametaja. Vyombo vimeoshwa.

Bado wewe. Na sheria ya nyumba hii unaijua, jina hutajwa hapa hapa, ana kwa ana, siyo kwa posta.

Jicho la pili ni mwezi ujao, na kabla ya hapo nataka kulifanyia mazoezi hili moja. Njoo na nywele zako.

Baba yako


18 Mei

Shikamoo Baba,

Nimepata ruhusa. Msimamizi kaniuliza ni dharura gani, nikamwambia nakwenda kutaja jina.

Nafika Ijumaa. Nitakaa kiti kile kinacholia. Nyusi zangu ni mbili, Dada azihesabu mlangoni na anishuhudie nikitoka.

Nimeirudia sura ya kwanza na nimemwona aliyepiga kelele mlangoni. Ushahidi wote sasa ninao. Lakini nikifika nitamtaja mpishi, Baba, ili jina alilokuwa akilitaja Mama nalo liwepo, na baada ya hapo utoe mfukoni usome wewe, kwa sauti, polepole, na mtu yeyote asimwoze Inspekta.

Mwanao,
Kinyume